Kutoka Kambini hadi Darasani: Idara ya Kiswahili katika Shule za Sekondari za Uganda, 1927–2024

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya Kiswahili kama somo na kama idara katika shule za sekondari nchini Uganda, tangu waraka wa Gavana William Gowers wa mwaka 1927 hadi mtihani wa kwanza wa mtaala mpya mwaka 2024. Hoja inayojengwa ni kwamba nafasi ya Kiswahili shuleni imeamuliwa zaidi na ratiba, mtihani na ajira ya walimu kuliko matamko ya viongozi. Makala inaonesha pia kwamba kukosekana kwa Kiswahili katika shule kubwa za mwanzo kulikuwa na athari iliyorithishwa, kwa sababu shule hizo ndizo zilizowalea walimu na wakuu wa shule zilizofuata.

Maneno makuu: idara, mtaala, shule ya sekondari, sera ya lugha, Uganda

1.0 Utangulizi

Maandishi kuhusu Kiswahili nchini Uganda yamejikita kwa muda mrefu katika matamko: waraka wa gavana, amri ya rais, ibara ya katiba, uamuzi wa Baraza la Mawaziri. Matamko hayo yana uzito wake, lakini hayatuelezi kilichojiri katika chumba cha walimu. Shule ya sekondari ndipo mahali ambapo somo hupewa au hunyimwa mwalimu, vipindi, vitabu na hatimaye idara yenye mkuu wake na sauti katika vikao vya taaluma. Somo lisilo na idara huishi kwa hisani ya somo jingine. Kiswahili nchini Uganda kimeishi kwa hisani hiyo kwa sehemu kubwa ya karne, na swali la makala hii ni jinsi hali hiyo ilivyotokea, ikizingatiwa kwamba lugha yenyewe ilikuwepo nchini kabla ya shule ya kwanza kujengwa.

2.0 Shule za Mwanzo na Masomo Yake

Kiswahili kilifika katika ikulu ya Buganda pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani. Kabaka Mutesa wa Kwanza alikifahamu, na wamisionari wa kwanza wa Kianglikana, akiwemo Alexander Mackay aliyewasili mwaka 1878, walianza kufundisha kwa kukitumia. Hata hivyo, kadiri kazi ya kutafsiri Biblia kwa Luganda ilivyosonga mbele, hadi kukamilika katika miaka ya 1890 chini ya George Pilkington, Kiswahili kiliondolewa mezani. Wamisionari wengi walikiona kuwa lugha ya Uislamu na ya wafanyabiashara wa pwani. Walipoanzisha shule za bweni, hawakuona sababu ya kukirudisha.

Shule hizo zilianzishwa kwa kufuatana: Namilyango mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905, Budo na St Mary's mwaka 1906. Budo ilijengwa juu ya kilima ambapo makabaka wa Buganda hutawazwa, na ilikusudiwa kwa watoto wa machifu. Elimu iliyotolewa huko ilimwandaa kijana kuongoza watu wake kwa Luganda na kuzungumza na Mwingereza kwa Kiingereza. Kati ya lugha hizo mbili hapakuachwa nafasi ya lugha ya tatu. Katika seminari za Kikatoliki, Kilatini kilikuwa na vipindi vyake kila juma. Yafaa kukumbuka jambo hili kila inapodaiwa kwamba Kiswahili kilikosa nafasi kwa kuwa hakikuwa lugha ya mama ya mtu yeyote nchini.

Makerere inatoa mfano ulio wazi zaidi wa namna idara zinavyozaliwa. Ilifunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa kutwa, waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Muda si mrefu ziliongezwa kozi za utabibu, kilimo, mifugo na ualimu. Mpangilio huo haukutokana na nadharia yoyote ya elimu. Kila kozi ililingana na ofisi ya serikali iliyokuwa ikihitaji wasaidizi: ofisi ya afya, ya kilimo, ya mifugo, ya elimu. Idara ilifuata ajira. Ofisi za serikali zilizotumia Kiswahili kila siku zilikuwa jeshi na polisi, nazo hazikuwa zikitafuta askari wao Makerere. Kwa hiyo lugha iliyotumika kutoa amri kambini haikupata mwajiri aliyeihitaji ndani ya shule.

3.0 Waraka wa 1927 na Upinzani Wake

Mwezi Novemba 1927, Gavana William Gowers alitoa waraka uliopendekeza Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Gowers alikuwa ametumikia kwa miaka mingi Kaskazini mwa Nigeria, ambako Kihausa kilitumika kuwaunganisha watu wa makabila mengi, na si vigumu kuona alikotoa wazo lake. Mazingira ya kanda nayo yalimuunga mkono. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kazi tarehe 1 Januari 1930, Uganda ilikuwa mwanachama sawa na Kenya, Tanganyika na Zanzibar.

Upinzani ulitoka pande mbili ambazo kwa kawaida hazikuketi meza moja. Kabaka Daudi Chwa aliupinga waraka huo kwa maandishi mwaka 1929, na maaskofu wakaupinga pia. Hoja zilizotajwa zilikuwa za lugha, lakini hofu iliyokuwa chini yake ilikuwa ya ardhi. Wakati huohuo London ilikuwa ikijadili mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki, na Waganda walijua yaliyowapata jirani zao wa Kenya mikononi mwa walowezi. Mwaka 1931 Serwano Kulubya alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu muungano huo. Katika macho ya Mengo, Kiswahili kilikuwa mlango ambao walowezi wangeupitia. Ni dhuluma kuwasoma wapinzani hao leo kama watu waliochukia lugha tu. Walikuwa wakilinda mashamba.

Jambo ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni kwamba waraka wenyewe ulikuwa na kasoro ya kimuundo. Kiswahili kilipendekezwa zaidi kwa elimu ya chini na kwa mafunzo ya walimu wa ngazi hiyo, hasa nje ya Buganda. Ngazi ya juu ilibaki mikononi mwa Kiingereza. Mtoto wa Mashariki au Kaskazini angeanza kwa Kiswahili, lakini akipanda hadi sekondari angekiacha mlangoni. Lugha isiyompeleka mwanafunzi kwenye mtihani wa mwisho haiwezi kumshawishi mzazi, na wazazi wa miaka ya 1930 walikuwa wakihesabu faida kama wazazi wa leo. Hivyo hata pale ambapo sera ilitekelezwa, hakukuwa na sababu ya shule ya sekondari kuajiri mwalimu wa Kiswahili, sembuse kuunda idara.

4.0 Mwaka 1952 na Kejeli Yake

Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa kwa matumizi ya shule nchini Uganda, isipokuwa katika shule za watoto wa askari polisi na wanajeshi. Mwaka huohuo Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilihamia Makerere kutoka Nairobi. Kwa takribani miaka 10, kazi ya kukusanya msamiati, kutafiti lahaja na kuhariri jarida la Kiswahili ilifanyika juu ya kilima cha Makerere, huku wanafunzi wa sekondari waliokuwa mita chache kutoka hapo wakiwa hawana kipindi hata kimoja cha lugha hiyo. Kiswahili kilikuwa na watafiti bila wanafunzi. Kamati ilipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikipitia Mombasa na kuelekea Dar es Salaam, haikuacha nyuma yake idara katika shule yoyote, wala mtandao wa walimu ambao wangeiendeleza kazi hiyo.

Shule za kambi ndizo zilizohifadhi somo. Jambo hili lilikuwa na faida na hasara. Watoto wa askari, waliotoka katika makabila mbalimbali na kuhamahama na wazazi wao, walikikuza Kiswahili kuwa lugha ya mchezoni na ya nyumbani. Lakini kwa mwananchi wa kawaida lugha hiyo ilizidi kufungamanishwa na buti na kirungu. Uhusiano huo ulikuwa umeanza kabla ya uhuru, na matukio ya miaka ya 1970 yaliuongezea chumvi tu.

Baada ya uhuru mwaka 1962 Kiingereza kilibaki lugha rasmi, na shule za sekondari ziliongezeka kwa kasi. Upungufu wa walimu ulizibwa kwa kuwaleta wageni. Mpango wa Walimu kwa Afrika ya Mashariki, ulioanza mwaka 1961 kwa ushirikiano wa Makerere na Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, uliwaleta vijana wa Kimarekani na Kiingereza kufundisha katika Uganda, Kenya na Tanganyika. Walimu hao walifundisha walichokijua: Kiingereza, historia, hisabati, sayansi. Shule mpya zikajenga idara kulingana na walimu waliopatikana, na idara hizo zikadumu hata wageni walipoondoka. Katika Tanganyika, iliyokuja kuwa Tanzania, serikali ilikuwa tayari ikikipa Kiswahili kazi za kitaifa, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Idara ya Kiswahili. Uganda haikuwa na chanzo kama hicho cha walimu.

5.0 Amri Bila Mwalimu

Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kwa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Redio na televisheni zilibadilika haraka, shule hazikubadilika. Ni rahisi kueleza hali hii kwa kutaja machafuko ya utawala huo, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na kukimbia kwa wasomi, na maelezo hayo yana ukweli. Lakini hata katika utulivu amri hiyo ingekwama. Mwalimu wa sekondari huandaliwa kwa miaka, naye hutokana na mwanafunzi wa sekondari aliyelisoma somo hilo. Mwaka 1973 wakuu wa shule na walimu waandamizi walikuwa wamepita katika shule ambazo hazikuwa na Kiswahili tangu kuasisiwa kwake. Hawakuwa maadui wa lugha, hawakuwa nayo.

Ndipo Tume ya Mapitio ya Sera ya Elimu iliyoongozwa na William Senteza Kajubi, iliyotoa ripoti yake mwaka 1989, na Waraka wa Serikali uliofuata mwaka 1992, vilipopendekeza Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima katika sekondari. Mapendekezo hayo yalikubaliwa kimsingi. Utekelezaji ulisubiri walimu, walimu wakasubiri wanafunzi, na wanafunzi wakasubiri utekelezaji.

Mfano wa Kenya unaeleza kilichopungua. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi na sekondari. Mahitaji ya walimu yaliongezeka ghafla, vyuo vikapanua mafunzo, wachapishaji wakashindania vitabu, na katika muda usiozidi kizazi kimoja shule nyingi za sekondari zikawa na idara ya Kiswahili inayojitegemea. Kenya haikuwa na mapenzi makubwa zaidi kwa lugha hiyo kuliko Uganda kwa kiwango cha kueleza tofauti yote. Ilikuwa na karatasi ya mtihani. Uganda nayo ilikuwa na karatasi hiyo, kwani Kiswahili kimetahiniwa katika ngazi zote mbili za sekondari na Baraza la Taifa la Mitihani lililoundwa mwaka 1983, lakini kama somo la kuchagua, na mkuu wa shule ndiye aliyeamua kama kuna wa kumchagulia mwanafunzi.

6.0 Katika Shule Inayokua

Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997, na mpango wa elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007. Katika kipindi hicho shule za serikali zilifurika na shule za binafsi zikachipuka kila mji. Namna shule hizo zilivyokua inastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndiyo hali ya shule nyingi za Uganda leo.

Shule changa huanza na walimu wachache, na kila mmoja hubeba masomo mawili kama alivyofundishwa chuoni: Kiingereza na fasihi, fizikia na hisabati, historia na dini. Idara katika hatua hii ni jina tu kwenye karatasi. Wanafunzi wanapofikia kidato cha nne, shule huhitaji kuandikishwa kama kituo cha mitihani, na maabara huwa deni la kwanza kulipwa. Baadaye huja ngazi ya juu, na hapo ndipo idara hupata nguvu halisi, kwa sababu shule hutangaza michepuo yake kwa wazazi: fizikia, kemia na biolojia kwa anayetaka udaktari, historia, uchumi na jiografia kwa anayetaka sheria au utawala. Tangu mageuzi ya mwaka 2013, mwanafunzi huchukua masomo makuu matatu, karatasi ya maarifa ya jumla, na ama hisabati ama teknolojia ya habari kama somo dogo. Mpangilio huo ulipunguza msongamano, lakini uliifanya nafasi ya kila somo kuu kuwa ya thamani zaidi. Mchepuo wenye Kiswahili huhitaji wanafunzi waliokisoma kwa miaka minne, na shule isiyokuwa nacho chini haiwezi kukianzisha juu.

Kwa sababu hiyo Kiswahili, kinapokuwepo, mara nyingi huwekwa ndani ya idara ya lugha pamoja na Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Luganda. Mkuu wa idara huwa mwalimu wa Kiingereza. Hilo si kosa la mtu, lakini lina matokeo: maombi ya vitabu hupita mikononi mwa mtu ambaye somo lake ndilo linalobeba jina la shule katika mitihani. Lugha za kigeni zilizo katika idara hiyohiyo zina wadhamini nje ya lango. Kifaransa kina Alliance Française, Kijerumani kina Goethe-Zentrum ya Kampala, na Kichina, kilichoingia shuleni hivi karibuni, kina Taasisi ya Confucius iliyoko Makerere. Mwalimu wa lugha hizo anaweza kupata semina, vitabu, hata safari. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye lugha yake inazungumzwa sokoni hatua chache kutoka shuleni, hana mlango wa kubisha. Mara nyingi yuko peke yake, anafundisha somo jingine ili kukamilisha idadi ya vipindi, na akihama somo huondoka naye. Hii ndiyo hali ambayo neno “idara” linaficha.

7.0 Mtaala wa Mwaka 2020

Ibara ya 6 ya Katiba, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itumike kwa namna Bunge litakavyoeleza kwa sheria. Badiliko lililogusa ratiba lilikuja miaka 15 baadaye. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioandaliwa na Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, ulianza Februari 2020. Uliyaweka masomo 11 kuwa ya lazima katika vidato viwili vya kwanza, na Kiswahili ni mojawapo, sawa na hisabati, kemia na ujasiriamali. Kwa mara ya kwanza kila shule ya sekondari nchini, kubwa kwa ndogo, ilitakiwa kuwa na mwalimu wa Kiswahili. Mwezi mmoja baadaye shule zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza sehemu kubwa ya msingi huo. Mwezi Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri lilitoa uamuzi wa kukiimarisha Kiswahili kama lugha rasmi na kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari.

Ugumu wa kwanza ni wa walimu, na haushangazi. Makerere na Kyambogo zinawafundisha walimu wa Kiswahili, lakini vyuo haviwezi kulipa katika miaka michache deni la karne. Ugumu wa pili ni kwamba wanafunzi wengi huanza Kiswahili kidato cha kwanza bila msingi wowote kutoka shule ya msingi, wakati mwenzao aliyekulia Arua, Tororo au katika nyumba za askari anaingia darasani akikizungumza. Mwalimu mmoja hulazimika kufundisha madarasa mawili ndani ya chumba kimoja: huyu anajifunza kusalimu, yule anahitaji kufundishwa upatanisho wa kisarufi ambao lugha ya mtaani haikumpa. Vitabu vilivyoandikwa kwa msomaji wa Kenya au Tanzania havimfai yeyote kati yao kikamilifu.

Ugumu wa tatu uko ndani ya mtaala wenyewe, nao ndio unaoukumbusha waraka wa 1927. Katika kidato cha tatu masomo ya lazima hupungua hadi saba: Kiingereza, hisabati, fizikia, kemia, biolojia, jiografia, na historia pamoja na elimu ya siasa. Kiswahili hakimo. Kinarudi katika orodha ya masomo ya kuchagua, ambapo mwanafunzi huruhusiwa kuchukua moja au mawili, akishindanisha Kiswahili na kompyuta, kilimo, sanaa, ujasiriamali, dini na lugha nyingine. Kiswahili kimepata sakafu lakini bado hakijapata paa. Tofauti na miaka ya 1930 ni kwamba sasa kila mwanafunzi anakigusa, na mwalimu wake yupo shuleni kwa haki. Kufanana kwake ni kwamba lugha bado inaachwa mlangoni pa mtihani.

Mwaka 2024 kundi la kwanza la mtaala mpya lilifanya mtihani wa kidato cha nne. Katika kila shule, mwishoni mwa kidato cha pili, mkurugenzi wa taaluma hugawa fomu za uchaguzi wa masomo, kisha huhesabu. Waliochagua Kiswahili wakifika idadi ya kujaza darasa, mwalimu hupewa vipindi vya kidato cha tatu na cha nne, vitabu huagizwa, na baada ya miaka miwili shule inaweza kufikiria mchepuo wa ngazi ya juu. Wakiwa wachache mno, vipindi hivyo hupewa somo jingine, na mwalimu wa Kiswahili hubaki na vidato viwili vya chini.